Moshi Ulioolewa

Juzi kituoni Jakobsberg nilipitwa na gari dogo la michezo linalonuka petroli mbichi, nikakumbuka lile aliloliunda baba kwa vipande. Mama aliapa kutolipanda mpaka lipite ukaguzi.

Mkaguzi alichomeka mrija kwenye ekzosi, akasema moshi ni "giftig". Mimi, bado mtoto lakini mkalimani wa baba kwa Kiswidi, nilijua "gift" ni mtu aliye kwenye ndoa.

"Baba, anasema moshi umeolewa."

"Muulize kwa mahari gani."

Nikauliza. Mkaguzi akacheka, akaeleza kuwa ni sumu. Leo najua Waswidi hutumia neno moja kwa yote mawili, na siwalaumu. Akatuagiza tukaipashe injini moto barabarani ili moshi upungue sumu. Tukazunguka, baba akazunguka tena kwa uhakika. Likapita.

Nyumbani Alby, mama alitusubiri nje amevaa koti la kanisani.

Viti vilikuwa viwili tu. Nikashuka.