Nyumba Aliyoijua kwa Nguo Zake

Kankuben alipokuja kuniambia anataka nyumba ya Ramnikbhai, nilimuuliza kwanza kama ana pesa. Mimi ni dalali, siuzi ndoto. Alikuwa nazo. Nyingine zilikuwa kwenye bangili zake za dhahabu, nyingine kwenye upatu wa wanawake wa sokoni, na alinitajia zote bila kumung'unya maneno. Nikamuuliza la pili: nyumba yenyewe umeiona?

"Baraza nimeiona," alisema. "Ndani sijawahi kuingia."

"Sasa unataka kununua nini?"

"Wewe nipeleke tu, Vinubhai. Chai yako nitalipa mimi."

Kwa miaka ishirini na sita Kankuben alipita vichochoro vya Ahmedabad ya zamani na kapu kichwani, limejaa sufuria mpya, vikombe na vichujio vya chuma kisichoshika kutu. Hauzi kwa pesa. Mwenye nyumba hutoa nguo kuukuu, yeye hutoa chombo. Hukaa barazani na mama wa nyumba, wakabishana mpaka mmoja achoke: sari moja na mashati mawili kwa sufuria ndogo, ongeza suruali upate na mfuniko. Kisha Kankuben hufua zile nguo, hutia viraka, hupiga pasi na kuziuza alfajiri kwenye soko la mitumba. Watu wa kazi yake huishia barazani. Hata maji ya kunywa huletewa hapo hapo, kwa bilauri iliyotengwa kwa ajili yao.

Nyumba ya Ramnikbhai ilikuwa ya ghorofa tatu, nguzo na boriti za msaji, imebanwa katikati ya nyumba mbili na kushirikiana nazo kuta. Katikati ina ua, na chini ya ua kuna birika la maji ya mvua la enzi za babu yake. Alikuwa anaiuza kwa mwaka wa tatu ili amfuate mwanawe ng'ambo ya mto. Alianza na laki arobaini za rupia, akashuka mpaka ishirini na tatu. Sababu ilikuwa moja. Kwenye chumba cha chini, ukuta unaogusana na jirani yake Harshadbhai ulikuwa na doa la unyevu kubwa kuliko mlango. Kila mnunuzi aliinama, akabonyeza chini ya ukuta kwa kidole gumba, lipu ikamwagika, akasema birika limepasuka na maji yanapanda. Akanywa chai, akaondoka, akanunua fleti. Aliyebaki alikuwa mfanyabiashara wa mbao kuukuu, aliyetoa laki ishirini. Huyo nyumba alikuwa haitaki. Alitaka nguzo, azing'oe awauzie wenye mahoteli. Ramnikbhai alimwahidi jibu Jumamosi.

Tulikwenda Jumatatu. Kankuben alivua ndala mlangoni, akasimama kizingitini kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, halafu akaingia. Sarlaben, mke wa Ramnikbhai, alikuwa amebishana naye barazani miaka hiyo yote, na sasa hakujua amkalishe wapi.

"Karibu, Kanku. Kapu liko wapi?"

"Leo sijaja kuchukua suruali za mumeo, dada. Nimekuja kuchukua nyumba."

Sarlaben akacheka, kisha akatazama kama mumewe anacheka pia.

Nimeonyesha watu nyumba zaidi ya mia mbili, na kila mtu ana pa kuanzia: jikoni, choo, paa. Kankuben alianzia kabatini. Kila chumba alitafuta kabati, akalifungua, akaingiza kichwa, akavuta pumzi. "Hili la mama mkwe," alisema kwenye chumba cha juu, na lilikuwa lake kweli. "Karafuu. Sari zake zote zilikuwa zinanukia karafuu." Ramnikbhai alinikonyeza kana kwamba nimemletea kichaa. Na mimi, sitadanganya, nilianza kuhesabu mchana uliokwisha kupotea.

Tulipofika kwenye chumba cha doa, kabati halikuwepo. Kankuben hakuinama, wala hakubonyeza chochote.

"Hapa palikuwa na kabati la nani?"

"La kijana wetu," alisema Sarlaben. "Tuliliondoa."

"Nguo alikuwa anatundika au anakunja?"

"Anatundika. Mambo gani hayo unauliza?"

"Basi tu," alisema Kankuben, akatoka uani kuanza kupunguza bei.

Sijawahi kuona kazi safi kama ile. Alilaumu ngazi, alilaumu nyani wanaovunja vigae, alilaumu kichochoro kisichopitisha hata bajaji. Alinyanyuka mara tatu, na mara ya tatu alifika mpaka kwenye ndala zake. Kuhusu doa hakusema neno, na hilo ndilo lililonitia udadisi. Silaha kubwa kuliko zote ilikuwa mkononi na hakuigusa. Wakamalizana kwa laki ishirini na moja, moja zaidi ya mtu wa mbao. Ramnikbhai akapokea nazi na rupia mia na moja mbele yangu. Katika mitaa yetu mtu akishapokea hizo, amefunga bei, haibadilishi tena.

Ilibaki saini ya jirani. Mtaani kwetu, anayeshirikiana nawe ukuta ni lazima akubali mnunuzi kwa maandishi, la sivyo wazee wa mtaa hawapitishi mauzo. Harshadbhai alitoka barazani kwake na gazeti mkononi.

"Sina ubaya na mtu," alisema, na nikajua tumekwama. "Lakini utaratibu ni utaratibu. Kesho ataanika matambara hapa mlangoni, keshokutwa ataleta ukoo mzima."

"Matambara niliyoanika miaka yote ni yako, kaka," alisema Kankuben. "Ile fulana yenye tundu kwapani nilitaka kuikataa. Mkeo alinisihi."

Kichochoro kizima kilicheka. Harshadbhai alikunja gazeti, akasema hasaini hata aletewe dhahabu, akafunga mlango. Ilikuwa Jumatano. Ramnikbhai aliniambia waziwazi kwamba saini isipopatikana kabla ya Jumamosi, atarudisha nazi na kumwita mtu wa mbao.

Nilimpeleka Kankuben kwenye chai na gathia za unga wa dengu, nikamwambia atafute nyumba nyingine. Alitafuna pilipili yake ya kukaanga taratibu.

"Vinubhai, maji yakipanda kutoka chini, nguo iliyotundikwa inaharibika wapi?"

"Chini. Kwenye pindo."

"Kijana wa Ramnikbhai alikuwa na kanzu ya hariri ya harusi. Nilimpa mama yake sufuria ya lita tano kwa ile kanzu, nikajuta. Pindo lilikuwa safi kama jana. Mabega ndiyo yalikuwa na michirizi ya kahawia. Na mashati yake yote tangu mwaka ule, hivyo hivyo. Mabegani. Hata ya kiangazi. Na kuna kingine: yalikuwa na harufu ya sabuni."

Niliweka kikombe chini.

"Mwaka gani huo?"

"Mwaka ambao mke wa Harshadbhai alinipa mapazia yote ya zamani, kwa sababu walikuwa wanajenga bafu jipya juu."

Birika lilikuwa zima. Miaka yote mitatu watu walikuwa wanabonyeza chini na maji yanatoka juu. Nikamwambia basi twende kwa Ramnikbhai. Alinitazama kana kwamba mimi ni mtoto mzito wa kuelewa.

"Nikamwambie nini? Kwamba nyumba yake ni nzima? Kwanza saini."

Alhamisi asubuhi alikaa barazani kwa Harshadbhai, mwenye nyumba akiwa kazini, na kapu lake kama kawaida. Mke wake, Nayanaben, alikuwa amekitamani kichujio kimoja kikubwa tangu mwezi uliopita. Kankuben alimpa bila kuomba hata leso. Alichotaka ni kwamba kwa siku mbili maji yote ya kufulia, kule bafuni juu, yatiwe nili, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, na itiwe kwa wingi.

"Kwa nini?" aliuliza Nayanaben.

"Na mimi ndicho ninachotaka kujua."

Jumamosi asubuhi tuliitwa wote kwenye chumba cha doa. Ukuta ulikuwa wa buluu. Siyo wote, mistari minne mitano, inashuka kutoka kwenye boriti ya juu kama mtu aliyelia wino. Harshadbhai aliutazama, akamtazama mkewe, mkewe akatazama dari.

"Bafu ni lako, kaka," alisema Kankuben. "Wazee wa mtaa wakija, watakwambia ujenge ukuta huu upya, na bafu ulivunje. Mimi sipendi kelele na jirani. Wewe ziba bomba lako. Ukuta nitautengeneza mwenyewe. Nipe saini."

"Na matambara?"

"Nitaanika juu ya paa."

Akasaini akiwa amesimama, karatasi ameiegemeza kwenye mlango.

Ramnikbhai alikuwa bado anautazama ukuta. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya nyumba nzima isiyo na kasoro.

"Ulijua tangu Jumatatu," alisema. "Ungeniambia!"

Kankuben alimgeukia Sarlaben.

"Dada, katika miaka ishirini na sita, umewahi kuniambia shati lina tundu kabla sijatoa sufuria?"

Sarlaben alijifunika mdomo kwa upindo wa sari, mabega yakimtetema kwa kicheko. Mia na moja ilikwisha kupokewa, na Ramnikbhai ni mtu wa neno lake. Walihama baada ya wiki tatu. Siku hiyo Kankuben aliingiza mtungi wa maji mlangoni kama inavyotakiwa kwa anayehamia, ila maji yenyewe aliyateka kutoka birika la humo humo ndani, baada ya kuyaonja.

Kulikuwa na ujira wangu, asilimia moja kutoka kwake. Nilikwenda kuuchukua. Alinikaribisha ndani, siyo barazani, akanipa chai kwenye kikombe kipya ambacho bado kilikuwa na karatasi ya bei.

"Nikulipe nusu," alisema.

"Kwa nini nusu?"

"Mkeo amenipa nguo zenu miaka kumi na moja, Vinubhai. Nusu nyingine nikwambie nyumba yako inaumwa wapi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Niliomba robo tatu, akakataa. Nikanyanyuka, nikafika mpaka kwenye viatu vyangu, nikavitazama.

"Haya," nikasema. "Nusu."

"Mashati yako ya kazini. Ukungu mgongoni. Lisogeze kabati lake, uutazame ukuta, kabla ya masika."

Nililisogeza jioni ile ile. Fundi anakuja Jumanne.