Siku Nilipopeleka Mahakama Shambani

Nilicheza ligi kuu miaka tisa, winga ya kushoto, halafu nikasomea sheria, nikawa hakimu. Hapa Biharamulo watu wanakumbuka lile la kwanza tu. Karani wangu mwenyewe hunitambulisha kwa wageni, "Huyu ndiye yule wa bao la kichwa." Inanikera! Nimefunga tai, majalada yamejaa mezani, bado naulizwa goti linaendeleaje.

Ikaja kesi ya mama mmoja mjane wa Nyamigogo. Mahindi yake yameliwa na ng'ombe; jirani yake mfugaji anakana kwamba ni ng'ombe wake. Shahidi hakuna. Mama alikuwa na alama za kwato tu, zimetoka shambani moja kwa moja hadi kwenye zizi la jirani. Alizizungushia miiba, mtu asizikanyage. Nikaamuru twende tukazione kesho yake asubuhi, kabla mvua haijazifuta.

Tulikuta kijiji kizima. Mwenyekiti alikuwa ametangaza kwa kipaza sauti kwamba winga wa ligi kuu anakuja. Watu wamejipanga kandokando ya shamba, wakulima huku, wafugaji kule, wanashangilia, na mwenyekiti ana mpira kwapani. Nilifoka. Niliwaambia hii ni mahakama, si uwanja.

"Sawa, mheshimiwa," mwenyekiti akasema huku akicheka. "Ila gusa mara moja tu, wazee wakuone." Akausukumia mpira miguuni kwangu.

Nami, mpumbavu, nikaupiga. Huwa nasema mguu ulinitangulia, na mwenyewe siamini. Mpira ukaangukia katikati ya shamba na watu wakaukimbilia kutoka pande zote mbili, miiba wakaisukuma kando.

Walipotoka, hapakuwa na alama ya kwato hata moja. Ni za ndala na viatu vya mvua tu. Yule jirani mfugaji alikuwa amesimama palepale alipokuwa, mikono nyuma.

Nikamwendea yule mama. "Shikamoo, mama." Alikuwa amechutama, anajaribu kusimamisha bua lililovunjika.

"Ng'ombe waribakiza mistari miwiri ya mahindi," akasema. "Hiyo mmemariza nyinyi. Sasa nyinyi nawashitaki kwa nani?"

Nikamwambia karani aandike maneno yale yote, na jina langu kwenye nafasi ya mlalamikiwa.

"Unatania, mheshimiwa?"

Nikamnyang'anya kalamu, nikaandika mwenyewe.