Fundi Cherehani na Nyumba ya Rehani

Dorkas aliteremka kutoka Vudee kila siku ya soko kuuza ndizi pale Same, akaketi mkabala na kibaraza cha nyumba ya fundi cherehani, na hakuchoka kumtazama. Nyumba hiyo ilikuwa imewekwa rehani kwa tajiri mmoja wa dukani tangu mwaka wa nzige. Akishindwa kulipa, itapigwa mnada. Basi fundi alibana matumizi huku akipiga mluzi. Shati lake alilishona kwa vitambaa vilivyobaki kwenye kazi za wateja, mkono mmoja kaki ya askari wa Mwingereza, mwingine maua ya gauni. Chai aliinywa bila sukari, akilamba midomo kama aliyeonja asali.

"Shikamoo, fundi. Chukua ndizi, ni bure."

"Marahaba, mwanangu. Bure itanizoesha vibaya!"

Siku alipomaliza deni alirudi mbio kutoka kwa tajiri, hati ya nyumba mkononi. Mlangoni akasita, akajifuta miguu, akabisha. "Hodi!" Ndani hamkuwa na mtu. Fundi akakohoa, akajijibu kwa sauti nzito: "Karibu, mwenye nyumba!" Dorkas akacheka mpaka machozi yakamtoka.