Mwalimu Anataka Nini

Mwalimu wa Kiingereza wa darasa la watu wazima vidole vyake havikosi chaki. Kila kundi jipya likija, huandika "want" ubaoni na kueleza kwamba ni kutaka tu, uwe unataka maji au mchumba. Kisha humwendea kila mmoja atunge sentensi yake, naye hucheka kabla yao. Juzi bibi mmoja, fundi cherehani, akamgeuzia kibao: "Na wewe, mwanangu, unataka nini?"

Mwalimu akalifuta neno, akaliandika upya. "Kuimba," akasema kwa sauti ndogo. "Mbele za watu."

"Kwani sisi si watu?"

Akaimba, macho kayafumba, beti mbili nzima, hata darasa la jirani likanyamaza kumsikiliza.