Salamu za Bibi kwa Kondakta

Honi ya basi ikilia barabarani, fupi kwanza halafu ndefu, watu wengine huangalia saa. Mimi hucheka peke yangu, tena kicheko kibaya. Watoto wangu wamezoea, hukonyezana na kusema, "Mama kamkumbuka kondakta wake." Naam, namkumbuka. Wanaosema umri hupoza hasira hawakupanda basi lile.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa bado na mapengo mbele, nikiishi Didia kwa mama yake baba yangu, Bibi Holo. Habari ikatufikia kutoka Geita kwamba mdogo wake, Kabula, aliyeolewa huko na mchimba dhahabu, yuko hoi na anamtaka dada yake. Bibi alikuwa na ndugu huyo mmoja tu. Alimlea mwenyewe, akimbeba mgongoni tangu mama yao alipofariki. Hakulia. Alijaza maziwa ya mgando kwenye kibuyu, maana kila alipokuja kututembelea Kabula alilalamika kwamba Geita dhahabu ipo lakini maziwa ya maana hakuna. Akanivalisha gauni langu la sikukuu, tukaenda kusimama barabarani.

Safari yenyewe, loo! Vumbi liliingia mpaka ndani ya mayai ya kuchemsha. Tulipata pancha, kisha rejeta ikachemka, tukashuka, tukasukuma, tukapanda tena. Kondakta alikuwa kijana wa Misungwi mwenye jino moja la dhahabu, basi watu wakamwita Jino. Bibi alimwambia tangu tunapanda, "Mjukuu wangu, nawahi mgonjwa. Usiniache njiani." Naye akajibu, "Tulia, bibi, leo hii hii utalala Geita." Shikeni neno hilo. Alijua.

Tulifika kivukoni jua limeshaanza kushuka, na chombo kilikuwa kinavuka kwa mara ya mwisho siku ile. Pale abiria hushuka, basi likaingia tupu, nao wakalifuata kwa miguu. Mimi ndiyo kwanza nilione ziwa. Nilimuuliza Bibi maji yote yale ni ya nani, na kama ana ng'ombe wa kuyamaliza.

Kando ya njia alikaa mwanamke wa Kizinza akiuza samaki, mkongwe kumzidi Bibi. Basi Bibi akafanya kosa ambalo mtu wa kwetu hawezi kulikwepa: akapiga magoti kumsalimia. "Mwadila." "Mwadila." Salamu zetu si neno moja ukapita. Unamuuliza mwenzio habari za nyumba, watoto, ng'ombe, mvua, ndugu zake, naye anajibu moja moja. Kisha anakugeuzia yeye, akuulize yale yale, nawe ujibu. Kuikata salamu katikati ni kumwambia mtu kwamba watu wake si kitu.

Walikuwa wamefika kwenye ng'ombe nilipomwona Jino amesimama mlangoni mwa kivuko, anatutazama. Nilipunga mikono, nikapiga kelele mpaka koo likakauka. Mtu wa kivuko akamuuliza, "Abiria wako wametimia?" Jino akaonyesha jino lake lote. "Wametimia!" Kisha akatugeukia. "Bibi, we salimia tu! Salimia mpaka kesho!" Abiria wakaangua kicheko, na kibuyu chetu kikaondoka juu ya keria.

Bibi alisimama mchangani akitazama maji mpaka chombo kikawa kidogo. Yule mkongwe alikunja mkeka wake, akanishika mkono, akatupeleka kwake. Sitaki kumpa Jino sifa yoyote, lakini bila ushenzi wake nisingalikula sato wa kuchemsha kwa ugali wa muhogo unaonata, huku nikimgeuza samaki ili jicho lake lisinione. Na pale ndipo nilipojua kuwa watu wa ziwani, wakisalimiana, huulizana hali ya nyavu. Bibi alijifunza upesi. Asubuhi alimuuliza mwenyeji wetu habari za nyavu kabla ya kitu kingine, na mama wa watu akafurahi hadi akatufungia samaki wa njiani.

Tulifika Geita alasiri. Kwenye stendi tulipewa kibuyu chetu kitupu. Mpagazi mmoja alisema kondakta na wenzake wameyanywa yale maziwa na kuyasifu. Nyumbani kwa Kabula tulikuta wanaume wametoka makaburini, wanaosha majembe. Baadaye shemeji yake Bibi akasema mkewe aliuliza usiku kucha kama dada ameshafika.

Tuliporudi Didia mvua zilikuwa zimeanza, na kikundi chetu kilikuwa kinalima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Bibi ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo, safu nzima ya majembe ikimwitikia. Siku ya kwanza tu alianzisha mpya:

*Jino lang'aa, macho hayaoni,*
*kamwacha bibi yake majini!*

Aka! Watu walilima siku ile kama wanagombania. Nilimuuliza Bibi mbona Kabula hayumo kwenye wimbo. "Ng'wanawane," aliniambia, yaani mwanangu, "Kabula si wa kuimbiwa majembe."

Wimbo ukatoka Didia ukaenda Samuye, ukapanda malori ya pamba, na msimu wa kuuza ulipofika wachukuzi wa stendi ya Shinyanga walikuwa wakimpokea nao Jino kila basi lake likiingia. Watoto waliukimbiza ule wimbo nyuma ya basi. Inasemekana hata mchumba wake aliusikia. Nilifurahi, msinifiche nyuso zenu, nilifurahi sana.

Siku moja basi likasimama barabarani mbele ya kwetu. Jino akashuka, kofia mkononi na mfuko wa sukari kwapani, na sukari siku zile ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. "Shikamoo, bibi. Nimekuja kuomba ule wimbo..."

"Marahaba. Kaa," Bibi akasema. "Kwanza tusalimiane."

Akaanza. Mama yako hajambo? Baba? Mashangazi? Ng'ombe wenu je, yupo aliyezaa? Kule Misungwi mvua zimewafikia? Jino ni Msukuma, angekatizaje? Alijibu akitazama barabarani, haraka, kisha haraka zaidi. Dereva akapiga honi, fupi halafu ndefu. Bibi akauliza habari za mtama. Kisha ikawa zamu ya Jino kuuliza, naye akauliza kama anayefukuzwa na nyuki. Honi ikalia tena. Bibi akaniambia nilete kile kibuyu, nami nilikuwa nimekijaza mwenyewe asubuhi. "Kunywa, mjukuu wangu," alimwambia. "Haya unayajua." Jino akakaa chini kwenye vumbi, kibuyu mapajani. Basi likaondoka bila yeye.

Nilicheka mpaka nikaanguka. Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki nikikimalizia hapo, kwamba aliyemwacha Bibi naye aliachwa.

Kisha nikafiwa na dada yangu mwenyewe. Jirani ambaye hakuwa na habari akaja kunisalimia, akaniuliza ndugu zangu hawajambo. Sikuweza kumjibu. Ndipo nilipokumbuka vizuri yaliyosemwa siku ile, maana nilikuwa nimeyasikia yote na kuyapita, macho yangu yakiwa barabarani.

Jino, kwa zamu yake, alikuwa ameuliza, "Na ndugu zako, bibi, hawajambo?" Alilazimika kuuliza, salamu zetu ndivyo zilivyo. Na Bibi alimjibu polepole, kama alivyojibu habari za mtama, "Nilikuwa na mmoja, Kabula. Ndiye yule mgonjwa niliyekuambia. Nilikuta wanaosha majembe." Halafu ndiyo akaagiza kibuyu.

Kwa hiyo Bibi hakuwa akingojea basi limwache. Alikuwa anangojea aulizwe. Na Jino alipokaa chini, honi ilikuwa bado inalia, dereva bado anamsubiri, na njia ilikuwa nyeupe mbele yake. Angeweza kukimbia akaliwahi.