Sikio Kwenye Kafi

Kamina hatuna bahari, lakini juma zima nilikuwa nafundisha habari za nyangumi. Niliwaambia wanafunzi kwamba wanyama hao huitana ndani ya maji, na kwamba mashine za meli hufunika miito yao hadi mama na mtoto wapoteane. Kisha, kwa kiherehere changu, nikaongeza kwamba ndugu yao wa karibu leo ni kiboko. Darasa zima likacheka. Je, viboko wetu nao wanasumbuliwa na kelele? Sikujua, na kutojua huninyima usingizi.

Likizo ya Pasaka nikapanda treni hadi Bukama, mtoni, kwa mjomba wangu mvuvi.

"Weye mwalimu muzima unafunga safari juu ya viboko!" akanicheka. "Aya, twende."

Mjomba akipita penye viboko hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi, wajue alipo, wasiibuke chini yake. Halafu hutumbukiza kafi majini na kuweka sikio kwenye mpini. Siku ile nami nikaweka langu. Mama yangu! Chini kulikuwa na maongezi: huyu anaguna, yule kama anagonga ulimi. Ningeweza kushinda pale.

Mara ikatokea baleinière, ile mashua kubwa ya abiria, motere inanguruma. Kwenye mpini sikusikia tena kitu kingine. Mjomba akachukua kafi, akagonga kwa nguvu zaidi, kama afanyavyo siku zote akiogopa. Ndipo mtoto wa kiboko akaibuka kando yetu, peke yake. Alikuwa amefuata mlio wa kafi, labda akidhani mama yake anamwita.

"Mama yake iko wapi?" nikanong'ona.

"Ile ndio minaogopa. Akikuta mutoto huku, tunakufa."

Akaacha kugonga. Mtoto akausukuma mtumbwi kwa pua. Niliogopa, na bado nilimhurumia.

Baleinière ilichelewa sana kupotelea kwenye kona ya mto. Mjomba akatumbukiza kafi tena, nami nikarudisha sikio kwenye mpini. Mtoto aliita. Kimya. Akaita tena, na safari hii jibu likaja kutoka ng'ambo, zito, nikalisikia hadi kwenye meno. Kile kichwa kidogo kikageuka, kikazama.

"Mama yake amesikia?" mjomba akauliza.

Nikanyoosha kidole. Ng'ambo viliibuka vichwa viwili, kikubwa na kidogo, na mimi nilikuwa nalia kama mzazi aliyempata mtoto wake aliyepotea sokoni.