Daktari wa Kuku Apaza Sauti

Daktari wa kuku hana salamu ndefu. Akifika bandani huvua saa na kuitia mfukoni, kisha huokota kuku aliyekufa na kumpapasa kifua kwa kidole gumba, taratibu, kama anayetafuta mwiba. Huzungumza kwa sauti ya chini hata mashine ya maji ikinguruma. Kwa miaka yote aliyowatibu kuku wake, mama mwenye banda hakuwahi kumsikia akifoka.

Siku kuku mia mbili walipokufa, muuza chakula cha kuku aliwahi kufika kabla ya daktari. "Ni kideri hicho, mama. Hukuwachanja." Mama alikuwa amewachanja, lakini alishaanza kujitilia shaka. Daktari alipasua kuku mmoja, akaufungua utumbo. Ndani ulikuwa umeparara kama taulo kuukuu, na uvundo ukawafanya mama na muuza chakula wazibe pua. "Si kideri. Hii ni sumu ya bakteria," alisema. "Bakteria hao huishi tumboni wametulia, mpaka mtu awalishe kuku unga wa samaki waliooza."

"Daktari, tusifike huko," muuza chakula akacheka.

"Tumeshafika! Sogea uangalie! Unamwita mama wa watu mzembe, na uozo umeushona wewe kwenye gunia!" Daktari aliusogeza utumbo mbele yake kwa mkasi. Yule bwana aliangalia, na kicheko kikamkauka.

Mama alijifunga nguo kiunoni, akayakokota magunia ya chakula yaliyobaki na kuyamwaga moja moja miguuni pa aliyemuuzia. Daktari alisogea pembeni, akampisha.